Mke wa Mafuta ya Shibe

Rambirambi zilimkuta Dorca sokoni Katito akichagua dagaa wa omena, na mwanawe Joram yu hai, mzima, mjini Kisumu, pengine saa hiyo akinywa chai. Mama mmoja alimshika mkono akamwambia pole sana, mbona hatukusikia, mlizika lini? Dorca alidhani mama wa watu amechanganywa na jua. Kabla hajamjibu akaja wa pili, huyu akilia kabisa, akauliza jambo lililomfanya Dorca amwage omena zilizokuwa mkononi: na yule jater mmemtoa wapi, mbona si mtu wa ukoo?

Jater ni mwanamume anayemrithi mjane. Huko Nyakach hata mtoto anajua kwamba kiti cha mwenye nyumba hakikaliwi ovyo. Mgeni wa kiume huletewa kiti kingine, hata kiwe kigoda kibovu. Ukiona mwanamume mwingine amekikalia na mke wa nyumba anamwandalia chakula, basi usiulize sana. Mwenye kiti amekwisha kuzikwa.

Wale akina mama wakampeleka Dorca mpaka ukuta wa duka kubwa karibu na njia panda ya Kendu Bay. Palikuwa na picha mpya, kubwa kama mlango, gundi haijakauka. Dorca aliitambua nyumba kabla ya watu. Ulikuwa ukuta wa udongo aliousiriba Selpha, mke wa Joram, kwa mkono wake, na dirisha lenye pazia la maua. Kiti kilikuwa kile cha mikono ya mbao alichokichonga marehemu baba yake Joram. Kitini ameketi mwanamume mweupe kidogo, shati limepigwa pasi, anacheka. Miguuni pake Selpha amepiga magoti, anamnyooshea sahani ya ugali na samaki anayeng'aa kwa mafuta. Chini yao maneno mekundu: Mume akishiba, nyumba hutulia. Mafuta ya Shibe.

Dorca hakujua kusoma, na hakuhitaji. Alikaa chini pale pale vumbini, akajishika kichwa, akasema wamemuua mtoto wangu.

Sasa ngoja niwaambie nani aliyewaleta watu wa Shibe, maana baadaye wengi walijifanya hawakumbuki. Aliwaleta Joram mwenyewe.

Joram Ogola alikuwa karani katika duka la mabati na misumari mjini, akiishi nyumba ya kupanga Migosi na mkewe Selpha na binti yao Awuor, ambaye alikuwa hajaanza shule. Mwaka uliotangulia alikuwa amepigwa picha ya tangazo la bia ya Nyati, kwa sababu ana kifua kipana na meno mazuri. Katika picha hiyo ameshika glasi yenye povu, na msichana aitwaye Milka, sketi juu ya magoti, amemlalia kifuani. Mwanamume ni Nyati, ndivyo ilivyoandikwa.

Heshima iliyomshukia Joram kwa picha ile, haki ya Mungu, hata diwani hakuwahi kuipata. Kwenye baa za Kondele hakulipia bia kwa muda mrefu. Mchungaji alimtania mlangoni mwa kanisa, wakacheka wote wawili. Dorca aliomba nakala yake, akaitundika sebuleni Katito kando ya picha ya Yesu, msichana na sketi yake humo humo. Selpha alipouliza mbona lile jisichana limelazwa pale kama mtoto wa kunyonya, Joram alimjibu asiwe mshamba, hiyo ni kazi. Na Milka? Milka alikuwa na mchumba, na mchumba alipoiona picha alidai mahari yake irudishwe. Karatasi ni moja, picha ni moja, lakini mmoja alipewa bia na mwingine akafukuzwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, sivyo?

Basi siku moja aliingia dukani mwanamke wa kampuni ya matangazo kutoka Nairobi, Bi Kageha, miwani kichwani, kununua kamba. Akamtambua Joram wa Nyati. Wakazungumza. Bi Kageha alikuwa akitafuta nyumba ya kweli ya watu wa ziwani na mama wa kweli, si hawa warembo wa mjini ambao hakuna anayeamini wanapika. Joram akasema usihangaike, nyumba ninayo Katito, na mama ninaye. Moyoni alijiona tayari amekaa kwenye kiti cha baba yake akipokea sahani. Bi Kageha akamkatalia papo hapo. Mwanamume wa bia, alimwambia, hawezi kuwa baba wa nyumbani, watu hawatamwamini. Lakini nyumba na mke vinafaa sana, na malipo yake yapo.

Kiburi cha Joram kiliumia, ila malipo yaliposikika kikapona.

Siku ya picha Dorca alikuwa amekwenda mazishini Kendu Bay, kwa hiyo hakuona kitu. Walimleta Nicodemus Wakhisi, karani wa reli, mtu wa Bungoma, mpole, asiyejua desturi za huko. Selpha alipoona anaelekezwa kwenye kile kiti, alisema hapana, huyu mgeni aletewe kiti kingine. Bi Kageha akatazama kile kingine akasema ni cha plastiki, kinaharibu picha. Wakhisi mwenyewe alisita, akamwangalia mwenye nyumba. Joram akacheka, akampiga mgongoni.

"Kaa tu, ndugu yangu. Hii ni mbao."

Halafu likaja la magoti. Selpha akasema sisi hapa hatupigii mume magoti, tunaweka chakula mezani tunakaa. Ni kweli, Wajaluo hawana hayo. Bi Kageha akajibu bila hasira kwamba desturi yao anaiheshimu, lakini picha inataka magoti. Wenye kampuni wamesema hivyo. Selpha alimtazama mumewe. Joram alikuwa amekabidhiwa bati jeupe la kurudisha mwanga wa jua usoni mwa mkewe, naye alikuwa anajifunza kulielekeza, amefurahi.

"Piga magoti, Mama Awuor, jua linaondoka."

Akapiga magoti. Samaki alikuwa mbichi ndani, amepakwa mafuta juu ili ang'ae, na Wakhisi hakuonja hata mwiba. Malipo alipokea Joram. Selpha alipewa debe moja la Shibe.

*

Picha zilipotundikwa, mambo mawili yalitokea huko Nyakach. Kwanza, wanaume waliwauliza wake zao mbona wao hawapigi magoti, na nyumba kadhaa zikakosa amani kwa ajili ya hilo. Pili, ukoo wa Joram uliitisha baraza. Mtu aliye hai alikuwa amerithiwa mke mchana kweupe, na jambo kama hilo huleta chira, laana inayokausha watoto mpaka wafe. Awuor alikuwa na kikohozi wiki hiyo. Kila mtu alikijua kikohozi chake.

Kabla hawajatoka Migosi, Selpha alimwomba mumewe neno moja tu. Hakutaka amgombanie na wazee wala amtetee kwa hotuba. Aseme tu: kiti nilikitoa mimi. Wazee wangemchekelea kidogo, wangemtoza kuku, yangekwisha. Joram akasema, lakini ni lazima, kwani mimi si mume wako? Selpha akalala usingizi mzuri usiku huo. Ndiye mjinga wa hadithi hii, maskini, kama ni ujinga kumwamini mtu uliyezaa naye.

Baraza lilikaa sebuleni kwa Dorca. Mzee Oduor, ndugu wa marehemu baba yake Joram, alikaa katikati, picha ya Shibe imebanduliwa ukutani na kutandazwa sakafuni mbele yake, pembe moja imechanika. Wanaume walikaa vitini. Selpha aliambiwa akae chini karibu na mlango, na Dorca akamnyang'anya Awuor mapajani, akasema asimguse mpaka asafishwe.

Mzee Oduor hakuwa mtu mbaya. Aliuliza pole pole, huyu ni nani. Selpha akasema anaitwa Wakhisi, ni karani wa reli, alilipwa kukaa. Mzee akauliza kama alikula. Hakula, samaki alikuwa mbichi. Hapo wazee wakatazamana. Samaki anang'aa vile, mbichi? Huyu mwanamke anatuona watoto. Mmoja akataka kujua yule mtu alilala wapi siku hiyo, na swali lile lilimpiga Selpha kama kofi, kwa sababu aliyeuliza alikuwa amekunywa uji wake miaka yote ya ndoa yake.

"Mzee," alisema, "kiti sikukitoa mimi. Mwenye kiti ni huyu hapa. Mwulizeni."

Wote wakamgeukia Joram. Nitawaambia kilichopita kichwani mwake, maana hakikuwa kirefu. Aliwaza jinsi watakavyomcheka Kondele: yule Nyati, kumbe alimkalisha mwanamume mwingine kwenye kiti chake, akasimama pembeni akiwamulikia. Akaiweka aibu hiyo upande mmoja na mke wake upande wa pili, akaona mke ni mwepesi.

"Mimi nilikuwa nje," alisema. "Nilikuwa naangalia gari yao."

Dorca akashusha pumzi kwa shukrani. Selpha alimkazia macho, kana kwamba anasubiri amalizie sentensi. Hakumalizia.

"Baba Awuor, si wewe ulishika ile bati ya kuniletea mwanga usoni?"

Joram alitazama sakafuni, na sakafuni palikuwa na picha, akatazama mlango. Hapo ndipo Selpha aliponyoosha kidole kuelekea ukutani, kwenye tangazo la bia.

"Na yule aliyelala kifuani mwa mume wangu? Ni mke wa pili? Mbona yeye hamkumwitia baraza?"

Wazee walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliyouma. Walicheka kama unavyomchekea mtoto aliyeuliza mbona mwezi hauanguki. Hata Mzee Oduor alitabasamu.

"Hiyo ni picha tu, mama."

"Na hii iliyo miguuni pako ni nini, Mzee?"

Dorca akamwambia nyar Seme, binti wa Seme, funga mdomo, umetuletea kifo unataka na ubishi. Kisha Mzee Oduor akatoa hukumu kwa sauti ile ile ya upole. Selpha arudi kwao Seme. Ndugu zake walete kondoo wa kusafisha nyumba, ndipo apokelewe. Mtoto atabaki kwa bibi yake, kwa sababu mtoto ni wa ukoo. Awuor alilia akitaka kumfuata mama yake, akazuiliwa na shangazi. Joram alimsindikiza mkewe mpaka barabarani, akambebea mfuko, akamwambia avumilie, wazee ni wazee. Selpha alichukua mfuko wake akapanda basi bila kumuaga.

*

Seme hakukuwa na kondoo. Kaka yake, Ouma, alikuwa amerithi shamba la mawe na deni la ada, na mkewe Benta alianza kuficha sukari tangu asubuhi ya pili. Benta hakutukana. Alisema tu, kila alipopakua, kwamba wengine wana bahati, wanapewa debe zima la mafuta. Ouma naye aliona haya kupita sokoni. Hakumlaumu dada yake mpaka jioni moja alipomuuliza, akiwa ameinamia jembe, kama ni kweli alipiga magoti, au walichora. Selpha akasema nilipiga. Ouma akasema kwetu hukufundishwa hivyo, akaenda zake.

Selpha alipalilia mashamba ya watu. Mara mbili alikwenda Katito kumwona Awuor, mara zote mbili Dorca akamzuia langoni, akampokea nguo alizomletea mtoto na kumwambia azungukie njia ya nyuma asionekane. Mara ya pili alimsikia Awuor ndani akiimba. Hakuwa analia. Selpha hakujua kama ashukuru au vipi, akalia yeye njia nzima.

Halafu siku moja gari jeupe la kampuni likasimama uani kwa Ouma. Joram alishuka, suti mpya, mafuta kichwani. Bi Kageha alibaki ndani ya gari na miwani yake. Benta alikimbia kuweka chai jikoni, na sukari ikaonekana.

Joram alikuwa na furaha, na alidhani ataigawa. Alieleza kwamba Shibe imekataliwa Nyakach nzima; akina mama wanasema ni mafuta ya matanga. Kampuni inataka picha mpya, Katito ile ile, kiti kile kile, ila safari hii mwenye kiti akae mwenyewe, na mtoto awepo. Bia ya Nyati ilikuwa imeweka kijana mwingine, kwa hiyo sasa hakuna kizuizi. Ameshakubali kwa niaba yake.

"Na kondoo?" Selpha aliuliza.

"Nimesema na Mzee Oduor. Kondoo itangoja. Amesema picha mpya itafuta ile ya kwanza."

"Umemwambia nani alitoa kiti?"

Joram akatabasamu, akatazama kama Ouma yuko karibu. "Mama Awuor, hayo yamepita. Unataka nini tena? Nimekuja kukuchukua na gari."

"Nataka useme. Kwa Mzee Oduor, mbele ya mama yako. Useme, halafu nitapanda."

"Na nisiposema?"

Joram akafuta vumbi kwenye kiatu kwa kitambaa, kisha akasema bila kupandisha sauti, "Basi mtoto abaki huko. Wewe chagua."

Mkisikia watu wanasema fulani alirudi kwa mume wake, jueni kwamba kurudi kwenyewe wakati mwingine ni hivi. Selpha akaingia ndani, akavaa nguo yake nzuri, akatoka, akapanda gari. Aliomba tu akae mbele, karibu na Bi Kageha, akidai kiti cha nyuma humtapisha.

Njiani wanawake wale wawili walizungumza kwa sauti ya chini. Joram alikuwa nyuma kati ya masanduku ya kamera, upepo ukimpigia masikioni, hakusikia. Selpha alisema atapiga magoti na atacheka wanavyotaka, kwa sharti moja. Bi Kageha alisikiliza, akatazama saa, akatazama jua. Msidhani alimhurumia. Alikuwa na picha ya kumaliza kabla ya jioni na mama mwingine hakuwa naye. Akasema sawa.

*

Dorca aliwapokea kwa vigelegele. Selpha alikumbatiwa na mikono ile ile iliyomfungia lango. Wazee walikuwa wamekuja kutazama, wamevaa makoti. Awuor alimkodolea mama yake macho kwanza, kisha akamrukia shingoni akashikilia, ikabidi wamsubiri.

Wakapangwa. Joram kitini, kifua mbele. Awuor kando yake. Selpha akapiga magoti bila kuambiwa, akanyoosha sahani. Mpiga picha akasema tabasamu, mama, kama mtu aliye nyumbani kwake. Akatabasamu. Alitabasamu vizuri kuliko mara ya kwanza, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa anamwangalia mumewe akitafuta kitu usoni mwake, na safari hii alikuwa kazini. Mzee Oduor alisema sasa hiyo ndiyo nyumba.

Walipomaliza, Bi Kageha alitangaza kwamba mama na mtoto wanahitajika Kisumu kwa picha nyingine, ya ndani, yenye taa. Baba hahitajiki. Gari limejaa vyombo, atakuja kesho kwa basi. Alisema hivyo huku akikunja waya, kama mtu aliyezoea. Dorca hakushuku. Alijaa fahari, akamvalisha Awuor soksi kwa mkono wake mwenyewe, akamfungia mandazi kwenye kitambaa. Joram aliwapungia mkono akiwa bado ameketi, akielekeza wazee waletewe pombe ya chang'aa.

Picha ya ndani haikuwepo. Gari liliwashusha Nyalenda, mlangoni mwa Milka, yule msichana wa Nyati, ambaye sasa alikuwa anakodi chumba kimoja na kuuza chapati. Selpha alikuwa amemuulizia kwa watu muda mrefu. Milka alipofungua mlango alimtambua, akadhani amekuja kumgombeza kwa ajili ya kile kifua cha Joram, akaanza kujitetea. Selpha akamwambia nyamaza, mtoto ana usingizi. Milka akasogeza godoro.

Selpha alipata kazi ya kufua katika nyumba moja ya Milimani, na Awuor akaanza shule. Joram aliwatafuta siku chache, akaacha. Kumfuata mke kungemlazimu aeleze kwa nini aliondoka.

Picha mpya ilitundikwa toka Katito hadi Kendu Bay, na Shibe ikanunuliwa. Joram alipokwenda nyumbani mazishini, jamaa walimuuliza mbona mkewe haonekani siku hizi, anaishi wapi? Hakuhangaika kutunga uongo. Aliwapeleka mpaka ukuta wa duka, akawaonyesha.

"Si huyo," alisema. "Yuko kwangu."

Wakamtazama Selpha amepiga magoti, anacheka, mtoto kando. Wakasema kweli, yuko, tena amenenepa.